Uzi maalumu: Akili fiche si mtumishi wako. Freud alisema nini hasa kuhusu tabia zetu?

#1 Mwalimu wa Zamu

Habari za jioni wakuu.

Siku hizi ukikatiza Sinza, Mwenge au Kariakoo hukosi bango la semina ya "nguvu ya akili ya ndani". Kiingilio unatuma kwa simu, unakaa kwenye kiti cha plastiki, mhamasishaji anakuambia kila asubuhi usimame mbele ya kioo uiamuru akili yako: mimi ni tajiri, mimi ni jasiri, mimi siogopi. Nayo itatekeleza. Humu jukwaani pia wapo wanaoandika hayo hayo, halafu wanamalizia na "hata Freud alithibitisha".

Freud hakuthibitisha kitu hicho. Alisema karibu kinyume chake, na ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa mjini, nashika pia dawati la malezi na ushauri nasaha. Si daktari, kwa hiyo tafadhali msinijazie inboksi dalili za shemeji zenu.

Sigmund Freud alizaliwa 1856 Freiberg, mji mdogo wa Moravia ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, akakulia Vienna, Austria. Alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1885 alikwenda Paris kwa daktari mkubwa wa zama hizo, Jean-Martin Charcot, pale hospitali ya Salpêtrière. Huko aliona watu waliopooza mkono au mguu wakati mishipa yao haina kasoro. Charcot aliweza kumlaza mtu kwa hipnosisi, yaani hali ya kama usingizi ambamo mtu anafuata anachoambiwa, akamwambia mkono wako hauna nguvu, na mkono ukalegea kweli. Mgonjwa akiamka hajui kwa nini. Swali hilo Freud alirudi nalo nyumbani: jambo ambalo mwili unalishika na mwenye mwili halijui, linakaa wapi?

Vienna kulikuwa na daktari mwenzake, Josef Breuer, aliyemtibu binti mmoja kati ya 1880 na 1882. Kwenye maandishi yao ya 1895 anaitwa Anna O.; jina lake halisi Bertha Pappenheim. Binti huyu kuna kipindi cha joto kali alishindwa kunywa maji. Kiu imemkaba, anashika glasi, ikigusa midomo anaisukuma. Akawa anaishi kwa matunda. Siku moja akiwa kwenye hipnosisi akaanza kulalamika kuhusu mwanamke aliyekuwa akikaa naye nyumbani: aliingia chumbani kwake akakuta kijibwa cha yule mama kinakunywa maji kwenye glasi. Alichefukwa, lakini hakusema neno, kwa adabu. Alipomaliza kutoa hasira yake yote akaomba maji, akanywa, akazinduka glasi iko mdomoni.

Hapo kwenye "hakusema, kwa adabu" ndipo ilipo mbegu ya nadharia nzima. Binti hakusahau kwa bahati mbaya. Alikuwa na sababu ya kutokujua. Akili fiche ya Freud siyo ghala la nguvu zinazosubiri amri. Ni mahali tunapopeleka yale ambayo kuyajua kungetutia aibu, hofu au hatia, halafu tunaweka mlinzi mlangoni.

Na sasa sikilizeni hii, maana wengi wanaishia kwenye vile vitatu vya mtihani: idi inayotaka hapa hapa, supaego inayokaripia kwa sauti ya wazazi, na ego iliyobanwa katikati ikijaribu kuwaridhisha wote na bado iishi mjini. Mgawanyo huo ni wa mwaka 1923. Kabla ya hapo alikuwa na ramani nyepesi: kinachojulikana, kilicho karibu kujulikana, na kisichojulikana. Aliibadili kwa sababu ya tatizo alilokutana nalo kwa wagonjwa. Aligundua kwamba hata mlinzi hajui kuwa analinda. Mtu anakwepa jambo, ukimwambia unakwepa anakataa kwa moyo mweupe, wala hadanganyi. Kumbe sehemu ya ego yenyewe iko gizani. Freud mwenyewe aliilinganisha ego na mpanda farasi ambaye mara nyingi hana budi kumwongoza farasi kule farasi anakotaka kwenda.

Sasa wewe uliyesimama mbele ya kioo unaongea na nani? Na mpanda farasi. Farasi hata hajageuza sikio.

Sehemu ya pili inakuja, ngoja nile.

#2 Kijana wa Mbagala

Naweka kambi hapa. Mwalimu usitukimbie kama wale wa "itaendelea".

#3 Bodaboda Mstaafu

Nimelipia semina ya hivyo mwezi uliopita. Nasoma huku nauma meno.

#4 Mwalimu wa Zamu

Nimerudi.

Tabia. Binti yake Freud, Anna, mwaka 1936 alizipanga vizuri zile njia ambazo ego hujikinga nazo. Zipo nyingi, nitachukua mbili tatu tunazoziona kila siku.

Kuhamisha: panda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Tajiri kampigia dereva simu kwamba hesabu ya jana haikutimia, dereva hawezi kumjibu tajiri. Anamfokea konda. Konda hawezi kumjibu dereva, anamshukia mwanafunzi: "Nyie wanafunzi mmezidi, shuka!" Mwanafunzi akifika nyumbani anampiga teke mdogo wake. Hasira ni ile ile iliyotoka kwa tajiri, imebadilisha tu mtu wa kumwangukia, kila mara aliye dhaifu zaidi. Muulize konda kwa nini amemshusha mtoto, atakupa sababu nzuri kabisa kuhusu nauli. Hiyo sababu nzuri nayo ni kinga. Ernest Jones, mfuasi wa Freud wa Uingereza, ndiye aliyeipa jina mwaka 1908, yaani mtu kujitungia hoja safi baada ya tendo.

Kumvika mwenzako: mume anakagua simu ya mke kila usiku, na mtaa mzima unajua ni nani kati yao mwenye la kuficha. Waswahili wameshamaliza, nyani haoni kundule.

Kugeuza kinyume: yule jirani anayekuchukia mpaka anakubembeleza. Ukarimu umezidi kipimo, chakula anakusukumia, jina lako linatamkwa kwa asali. Si mnafiki. Mnafiki anajua.

Lakini ninayetaka mumwone karibu ni mvulana mmoja wa kidato cha pili (nimebadili mambo kadhaa asitambulike). Huyu alikuwa anacheka akiadhibiwa. Unamwita mbele, unamgombeza, midomo inaanza kutetemeka, halafu kicheko. Walimu wakaona kiburi, wakaongeza adhabu, naye akaongeza kicheko. Akaletwa kwangu. Kwanza nikadhani ananidharau na mimi, maana tulipoanza kuongea habari za bibi yake aliyefariki, akacheka. Mwenyewe akashtuka, akajiziba mdomo. Akasema hata msibani alicheka, mjomba akamzaba kofi mbele za watu. "Sijui kwa nini, mwalimu. Huwa inatoka tu."

Polepole, kwa muda mrefu, yakatoka ya nyumbani: tangu mdogo akilia alichapwa mpaka anyamaze, mwanaume halii. Mtoto wa miaka minne hawezi kuacha kusikia uchungu, ila anaweza kujifunza kuugeuza usionekane. Kicheko kilimwokoa. Kikabaki. Akakua nacho, wenzake wakamwita "Mzee wa Bata" kwa kuwa anacheka na kila kitu, na hilo ndilo likawa jina la tabia yake.

Ndiyo hoja yangu ya uzi huu: sehemu kubwa ya tunachokiita tabia ya mtu ni ulinzi uliozoeleka. Mwanafunzi mmoja wa Freud aliyekuja kugombana na wote, Wilhelm Reich, mwaka 1933 aliuita deraya ya tabia, vazi la vita ambalo mtu halivui hata akilala. Mpole kupita kiasi, mchapakazi asiyeweza kukaa Jumapili, mchekeshaji wa kila kikao: usiulize tu ana nini, uliza asingekuwa hivyo kingemfika nini.

#5 Fizikia Tupu

Mwalimu unaandika vizuri ila unatuuzia mbao za mwembe kwa bei ya mninga.

Moja. Anna O. hakupona hivyo. Breuer alipomaliza "tiba" mwaka 1882 binti alipelekwa sanatoria, nyumba ya kutunzia wagonjwa, huko Uswisi, akaendelea kuumwa miaka kadhaa. Alikuja kuwa mwanamke wa maana sana Ujerumani, akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi mwaka 1904, lakini kwa jitihada zake. Mbona hilo hukuliweka?

Pili. Karl Popper, mwanafalsafa wa sayansi, alishalisema: nadharia isiyoweza kukosea haisemi kitu. Mgonjwa akikubali, Freud kapatia. Akikataa, "anakinza", Freud kapatia tena. Jirani akikuchukia anakuchukia. Akikupenda sana, anakuchukia. Sasa nionyeshe jirani ambaye angemfanya Freud aseme nimekosea.

Tatu, kuteleza kwa ulimi. Mnapenda kile kisa cha spika wa bunge la Austria aliyefungua kikao kwa kutangaza kwamba kimefungwa, Freud akasema moyoni alitamani kiishe. Mimi juzi kwenye kikao cha harusi Tabata nimemsikia mwenyekiti akiishukuru "kamati ya mazishi". Ukumbi ukaangua kicheko, na mama wa bwana harusi akanuna. Je, alimtakia bwana harusi kifo? Yule mzee ni mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi mtaani kwao, ulimi umefuata njia uliyoizoea. Mtaliano mmoja msomi wa maandiko ya kale, Timpanaro, aliandika hilo mwaka 1974: makosa mengi aliyoyaeleza Freud ni yale yale ya mwandishi anayenakili akachoka.

#6 Mwalimu wa Zamu

Fizikia Tupu, karibu, nilikuwa nakusubiri wewe au mtu wa aina yako.

La Anna O. ni kweli tupu. Kisa cha glasi kiko kwenye maelezo ya Breuer. Tiba nzima haikuwa ushindi ule uliotangazwa. Nimekitumia kwa sababu ndipo wazo lilipoanzia, siyo kama ushahidi wa hospitali.

La Popper lina uzito na wengi wa fani hawajalijibu vizuri mpaka leo. Ila usichanganye mambo mawili: kwamba akili fiche ipo, na kwamba Freud aliisoma sawasawa. La kwanza limeshatoka kwake, liko maabara. Mwaka 1911 daktari wa Geneva, Édouard Claparède, alikuwa na mgonjwa asiyeweza kukumbuka jambo jipya. Kila asubuhi wanajulishana upya. Siku moja akaficha pini mkononi, akamsalimia, akamchoma. Baadaye mama yule hakumbuki pini wala hamkumbuki daktari, lakini akipewa mkono anaurudisha nyuma. Akiulizwa kwa nini, anasema kwani mtu hana haki ya kurudisha mkono wake? Tazama hapo: hofu ipo, kumbukumbu haipo, na sababu inatungwa papo hapo.

#7 Fizikia Tupu

Hicho kisa nakijua na kinanisaidia mimi. Pini haikuzikwa kwa aibu. Ubongo wake una njia mbili za kukumbuka, moja imekatika. Ndiyo ile ya mgonjwa wa Marekani anayejulikana kwa herufi H.M., aliyepasuliwa ubongo 1953 akabaki hawezi kukumbuka mambo mapya: mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiutazama mkono kwenye kioo, kila siku akawa anaboresha na kila siku anaapa hajawahi kuifanya. Akili fiche ya maabara haina mlinzi, haina siri, haina mama wala baba. Ni mitambo inayofanya kazi bila kukusumbua. Ya Freud ina tamthilia ndani yake. Hiyo tamthilia ndiyo nataka ithibitishwe.

#8 Mwalimu wa Zamu

Tamthilia yote sitaithibitisha, na baadhi yake siiamini hata mimi, tutafika kwa Mluguru wa Kimara maana naona anaandika. Ila yule mvulana wa kicheko hana ubongo uliokatika. Njia zake zote nzima. Niambie kwa fizikia yako kwa nini anachokosa kukijua ni kile kile alichochapwa akikionyesha, wala siyo kingine chochote.

#9 Fizikia Tupu

Mazoea. Aliadhibiwa akilia, hakuadhibiwa akicheka. Hata panya utamfundisha.

#10 Mwalimu wa Zamu

Panya hashtuki akajiziba mdomo.

#11 Mluguru wa Kimara

Shikamooni wakubwa. Mimi shida yangu ni ile ya mtoto wa kiume kumtaka mama na kutamani baba aondoke. Freud aliijenga kwa familia za Vienna, baba ndiye mwenye nyumba, jina, fimbo na urithi. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama. Ardhi ya ukoo inapita kwa mama, na mwenye sauti juu yangu alikuwa mjomba. Baba alikuwa rafiki, ananibeba mabegani. Mjomba akikohoa nje, mpira unasimama. Sasa huyo baba wa kumwogopa nimtoe wapi? Wazaramo mliomo humu, na Wamakonde na Wamwera, semeni.

#12 Mwalimu wa Zamu

Mluguru, swali lako liliwahi kuwagombanisha wakubwa. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alikaa visiwa vya Trobriand karibu na Papua kati ya 1915 na 1918, watu wa ukoo wa mama, akakuta hicho hicho: baba mpole, mjomba mkali. Akasema hasira ya kijana iliyozikwa iko kwa mjomba, na mwiko unaoumiza ni wa dada, siyo mama. Ernest Jones akaja juu, akadai eti mjomba amewekwa pale ili kumficha baba. Hapo mimi niko na Malinowski bila kusita. Jibu la Jones ndilo Popper analolisema: likija lolote, nadharia haikosei.

Linalobaki kwangu ni kwamba mtoto anampenda na kumwogopa mtu yule yule aliye na mamlaka, na hawezi kuvibeba vyote viwili mikononi mchana. Ni nani huyo mtu, ukoo ndio unaopanga.

#13 Mzaramo wa Kisarawe

Mimi nataka kuongeza la utani. Mjukuu wa Kizaramo kafiwa, Mnyamwezi anakuja msibani kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa anachechemea, anadai deni lake, anashuka kaburini analala na hatoki mpaka apewe chochote. Na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mgeni atasema hawa hawana heshima. Lakini yapo yanayosemwa pale kuhusu marehemu, ubahili wake, ulevi wake, ambayo mtoto wake angeyatamka angelaaniwa. Mtani anayasema kwa niaba yake.

#14 Mwalimu wa Zamu

Mzaramo nakupa maua yako. Mwaka 1905 Freud aliandika juu ya mzaha hivyo hivyo: mzaha unapitisha mbele ya mlinzi kitu ambacho kingekuja uchi kingezuiwa, na raha ya kicheko ni ile nguvu ya kuzuia iliyobaki bila kazi ghafla. Ila yeye alikuwa anachunguza vichekesho vya mtu na mtu sebuleni. Sisi tuna taasisi, ina wahusika wake, ina siku yake na ina malipo. Kama angeona mtani kaburini sijui angeandika kurasa ngapi.

#15 Ustadhi wa Magomeni

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa utulivu. Haya ya nafsi tatu siyo mageni kwa mtu aliyekaa madrasa. Qurani inataja nafsi ammara, inayoamrisha maovu, katika Sura Yusuf. Nafsi lawama, inayojilaumu, katika Sura Alqiyama. Na nafsi mutmainna, iliyotulia, katika Sura Alfajr. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika kwa kirefu kuhusu riya iliyojificha: mtu anasali usiku peke yake, hakuna anayemwona, kumbe rohoni anafurahia kwamba kesho watu watajua. Hajui kuwa ana riya. Sasa Freud wenu, asiyemwamini Mungu, amekuja na kipi kipya? Na dawa tunayo: muhasaba, mtu ajihesabu kila usiku.

#16 Mwalimu wa Zamu

Waalaykum salaam Ustadhi. Kufanana kupo, na Ghazali kwenye riya ni mkali kuliko wengi waliokuja baadaye. Tofauti ninazoziona ni mbili. Nafsi zako ni ngazi, mtu anapanda kutoka ammara kwenda mutmainna. Kwa Freud hakuna kupanda. Wote watatu wanaishi nyumba moja mpaka mauti. Pia ile sauti inayolaumu yeye haiamini moja kwa moja. Inaweza kuwa katili, ikamlaumu mtu kwa dhambi ambayo hakuitenda, kwa kuitamani tu. Nimeona wanafunzi wanaojiadhibu hivyo.

Kuhusu muhasaba: Freud angesema anayehesabu ndiye aliyeiba, kwa hiyo anatakiwa mtu wa pili asikilize.

#17 Ustadhi wa Magomeni

Naye Freud alisikilizwa na nani?

#18 Mwalimu wa Zamu

Hapo umenishika shingo Ustadhi. Kuanzia 1897 alijichanganua mwenyewe, kwa ndoto zake, na barua kwa rafiki yake wa Berlin, Wilhelm Fliess. Miaka ya 1920 ndipo chama chao kikaweka sharti kwamba anayetaka kuwa mchanganuzi wa nafsi, yaani mtibabu wa njia ya Freud, lazima naye achanganuliwe na mwingine. Mwanzilishi peke yake ndiye aliyepita bila tiketi.

#19 Bodaboda Mstaafu

😂😂 Ustadhi kafunga goli la kichwa.

#20 Chuma cha Keko

Mnajisumbua. Haya ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Mtu analala kwenye kochi Vienna anasimulia utoto, sisi tunawaza kodi ya miezi sita. Mwafrika hana msongo wa aina hiyo.

#21 Mwalimu wa Zamu

Chuma, kodi ya miezi sita nami inanihusu. Ila hiyo sentensi yako ya mwisho ina historia mbaya, naomba uijue kabla hujairudia. Daktari J.C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, enzi za ukoloni, mwaka 1953 aliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kizima cha akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwafrika hana undani, hana mgogoro wa ndani: ndiyo ilikuwa sayansi. Mwaka ule ule Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alianza kazi hospitali ya Blida, Algeria, na alikuja kuivunja hoja hiyo vipande vipande. Fanon aliipinga familia ya Vienna kama Mluguru, lakini akili fiche hakuitupa. Alionyesha kuwa mkoloni naye huingia humo: mtu anaichukia rangi yake na hajui amejifunzia wapi.

Carl Jung wa Uswisi, mwenzake Freud aliyekuja kuachana naye, alifika huku kwetu mwishoni mwa 1925. Alishuka Mombasa akapanda mpaka mlima Elgon, akawa anakaa na wazee anaulizia ndoto kwa Kiswahili cha kuungaunga. Mganga mmoja mzee akamwambia kwamba tangu wazungu waje hakuna anayeota tena; zamani ndoto ziliwaambia habari za vita, maradhi na mvua, siku hizi Waingereza ndio wanaojua kila kitu. Jung aliyachukua maneno hayo kwa majonzi makubwa. Mimi huwa najiuliza kama mzee hakuwa anamfukuza mgeni kistaarabu.

#22 Mama Wawili

Mwalimu mimi niko nje ya Vienna na Elgon. Nina mtoto wa miaka mitatu, natoka Goba alfajiri narudi usiku, analelewa na dada wa kazi. Dada aliyemzoea kaondoka ghafla, tuligombana, akaondoka mtoto amelala. Sasa mtoto haniachi hata niende chooni, na dada mpya hamtaki. Ndiyo nimeshamharibia tabia?

#23 Mwalimu wa Zamu

Dada, hujamharibia. Na swali lako liko karibu na kiini kuliko tulivyokuwa tunabishana.

Baada ya Freud kuna tawi lililotoka kwenye matamanio likaingia kwenye uhusiano wa mtoto na mlezi. John Bowlby wa London ndiye kinara wake. Yeye mwenyewe alilelewa na yaya, na huyo yaya aliondoka Bowlby akiwa na miaka kama minne. Uzeeni alisema aliumia sawa na kufiwa na mama. Mwenzake, Mary Ainsworth, alifanya utafiti wake wa kwanza hapa jirani, Uganda, 1954 hadi 1955, vijiji vya karibu na Kampala. Alizitembelea familia 26 majumbani, tena na tena, na mkalimani, akitazama mtoto anafanya nini mama akitoka mlangoni. Majaribio maarufu ya Baltimore yalikuja baadaye. Aliona watoto wanaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja, na mama walioweza kumsimulia mtoto wao kwa undani, anapenda nini, analia vipi, mara nyingi watoto wao ndio walikuwa wametulia.

Kwa hiyo kung'ang'ania kwake siyo utundu. Mtu wake mmoja amepotea usiku, anahakikisha wa pili hapotei. Mtaje yule dada kwa jina. Usijifanye hakuwepo. Kama mnaweza kupatana, mpigie asikie sauti yake, aagwe. Na wewe ukitoka alfajiri usinyate; muage hata akilia. Ikizidi wiki kadhaa, halali wala hali, mpeleke kwa wataalamu wa watoto, Muhimbili wapo.

#24 Mama Wawili

Asante. Huwa nanyata kweli. Leo nimemtaja dada kwa jina, mtoto akaenda kuchukua kanga ambayo dada aliisahau, kumbe alikuwa ameificha chini ya godoro.

#25 Fizikia Tupu

Hii sina ubishi nayo. Huyu Ainsworth amehesabu, ametazama, angeweza kukosea. Mngeanza na huyo.

#26 Mtu wa Kigamboni

Samahani nachelewa. Mwalimu, nitafsirie ndoto. Naota niko feri Magogoni, pantoni inaondoka, geti linafungwa, mimi nimebeba begi la marehemu mzee, zito, siwezi kukimbia. Inajirudia sana. Bibi anasema ni kifo.

#27 Mwalimu wa Zamu

Freud aliandika juu ya ndoto za kukosa treni. Kwake zilikuwa za kufariji: kusafiri ni kufa, na ndoto inakuambia tulia, hutaondoka leo. Bibi yako na Freud wamekutana njiani, ila kwa tafsiri mbili tofauti.

Lakini sitakubandika hiyo. Wenye vitabu vya "ukiota nyoka ni adui" wanajua jibu kabla hujafungua mdomo. Freud, pamoja na kupenda kwake alama, alisisitiza kwamba maana ya ndoto anayo mwenyewe aliyeiota, na njia ni kuichukua vipande na kusema chochote kinachokuja, hata cha kijinga au cha aibu. Basi tuache pantoni. Begi. Ukilitazama lina nini?

#28 Mtu wa Kigamboni

Viatu vyake. Na makaratasi ya kiwanja.

#29 Mwalimu wa Zamu

Kiwanja kipi?

#30 Mtu wa Kigamboni

Hayo ya kiwanja ni mambo ya kifamilia mkuu, hayahusiani. Turudi kwenye pantoni. Hivi lile daraja ningelitumia kwenye ndoto ingekuwa na maana gani?

#31 Bodaboda Mstaafu

Mlinzi huyo hapo getini 😂

#32 Fizikia Tupu

Naomba isemwe kwamba hii haithibitishi chochote.